Mbao, Plastiki na Ufa wa Banda: Mhadhara kwa Wafugaji wa Kuku wa Uani



Swali mlilonipa huulizwa madukani na kwa mafundi kila siku: mtu mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba, anayetaka kuku kumi au kumi na watano wa mayai na kitoweo, ajenge banda la mbao au anunue la plastiki? Jibu langu nalitoa mapema ili mlipime kadiri ninavyoendelea. Katika hali ya hewa yetu, mbao zibebe banda, na plastiki iwekwe pale yanapotagiwa mayai na pale kinyesi kinapodondokea. Lakini kabla ya yote hayo, hesabuni nyufa. Banda la kuku huharibikia kwenye nyufa zake, na mfugaji asiyeziangalia, hata akinunua banda la bei kubwa kuliko yote, atakuwa amewajengea wadudu.

Banda la plastiki lilikotokea

Mabanda ya plastiki tunayoyaona katika picha, yenye umbo la mviringo na rangi za kung'aa, yalipata umaarufu nchini Uingereza. Mwaka 2004 wahitimu wanne wa Royal College of Art ya London walileta sokoni banda dogo liitwalo Eglu, lililobuniwa kwa ajili ya watu wa mjini wenye bustani ndogo na kuku wachache. Kuta zake ni tabaka mbili za plastiki zenye hewa katikati, na sehemu zake hufunguka zikaoshwa kwa mpira wa maji.

Wafugaji wa huko walilipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni baridi: hewa iliyo kati ya tabaka mbili hupunguza joto linalotoka ndani usiku wa theluji. Ya pili ni utitiri mwekundu. Mabanda mengi ya mbao ya Waingereza yalikuwa yakiezekwa kwa karatasi nzito yenye lami, na chini ya karatasi hiyo utitiri ulizaliana bila kuonekana. Mfugaji aliyekwisha kuchoma banda lake la mbao kwa kushindwa na utitiri aliliona la plastiki kuwa ukombozi.

Sisi tuna utitiri kama wao. Baridi yao hatuna, isipokuwa nyanda za juu. Kwa hiyo nusu ya sababu iliyowafanya wanunue plastiki inatuhusu, na nusu nyingine, tukiichukua bila kufikiri, itatuulia kuku.

Wadudu na mahali wanapolala

Wafugaji wengi husema "wadudu wa kuku" wakimaanisha kila kinachotambaa. Ukitaka kuchagua kitu cha kujengea, lazima uwatenganishe, kwa kuwa kila mmoja ana makazi yake.

Utitiri mwekundu, ambao wataalamu huuita Dermanyssus gallinae, hauzidi milimita moja. Mchana hauko juu ya kuku. Hujificha ndani ya nyufa, kwenye maungio ya mbao, chini ya magome, na hasa pale ncha za fito za kulalia zinapogusa ukuta. Usiku hutoka, hunyonya damu, kisha hurudi mafichoni. Kukiwa na joto, yai la utitiri huweza kufikia utu uzima kwa muda wa juma moja hivi. Na banda likiachwa tupu, utitiri huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, ukisubiri kuku wapya. Ndiyo maana mtu huuza kuku wote, hupumzisha banda, hununua vifaranga, na tatizo likaanza upya palepale.

Wa pili ni kupe laini wa kuku, Argas persicus. Huyu ni mkubwa, bapa, na anaonekana kwa macho. Viluwiluwi vyake hung'ang'ania kuku kwa siku kadhaa, lakini wakubwa hunyonya usiku na kujificha mchana kama utitiri. Aliyekomaa huweza kukaa zaidi ya mwaka bila chakula. Mbali na kunyonya damu, hueneza ugonjwa wa homa unaosababishwa na bakteria wa Borrelia anserina, ambao huua kuku kwa haraka.

Wa tatu ni kiroboto anayeganda usoni mwa kuku, kuzunguka macho na upanga. Watoto wake hukulia katika udongo na matandazo ya sakafuni. Na wa nne ni utitiri wa nchi za joto, Ornithonyssus bursa, ambao hukaa zaidi juu ya kuku mwenyewe na ndani ya viota.

Sasa tazameni. Kwa wawili wa kwanza, ukuta wa plastiki usio na ufa ni msaada mkubwa, kwa kuwa unawanyima mahali pa kulala. Kwa kiroboto, ukuta haubadilishi chochote. Dawa yake ni sakafu ngumu inayofagilika na matandazo yanayobadilishwa. Kwa utitiri wa viotani, kinachosaidia ni kiota kinachotolewa, kikamwagwa na kuoshwa. Muuzaji akikuambia kwamba banda lake la plastiki "halina wadudu", mwulize ni wadudu gani.

Kuna kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukifanya leo usiku bila gharama. Kuku wakishalala, chukua kitambaa cheupe, pangusa upande wa chini wa fito wanazolalia na pale zinapokutana na ukuta. Kitambaa kikitoka na michirizi ya damu, utitiri upo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika banda la kuku maneno hayo ni maelekezo ya kazi.

Joto, unyevu na pumzi ya kuku

Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi. Kuku hana tezi za jasho. Akizidiwa hutanua mabawa na kutweta, ili mvuke unaotoka katika pumzi uondoke na joto. Njia hiyo hufaa hewa ikiwa kavu. Lakini Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Februari, hata usiku joto hubaki nyuzi 24 au 25 na hewa imejaa unyevu. Mvuke hauna pa kwenda. Ukimfungia kuku katika sanduku la plastiki lenye matundu machache, lililobuniwa kutunza joto, utamkuta asubuhi ameachama mdomo, na siku nyingine utamkuta amekufa.

Plastiki yenyewe hainywi maji. Hiyo ni sifa wakati wa kuosha na ni kasoro usiku, kwa sababu mvuke wa pumzi na wa kinyesi huganda ukutani na kudondoka juu ya matandazo. Matandazo yakilowa, kinyesi hutoa amonia. Anayetaka kujua kama banda lake linapumua aende alfajiri kabla ya kulifungua, apige magoti, aingize kichwa kwenye kimo cha kuku. Macho yakiwasha, kuku wamevuta hewa hiyo usiku kucha.

Mbao hunywa unyevu kidogo na kuutoa jua likiwaka, na ukuta wa mbao haupati joto haraka kama plastiki nyembamba. Lakini msikabidhi kazi ya hewa kwa mbao. Kazi hiyo ni ya uwazi. Pwani, ukuta wa chini uwe imara kwa kimo cha sentimita 60 hadi 90 ili kuzuia mvua na upepo wa moja kwa moja, na sehemu yote ya juu iwe wavu. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi. Upenu uwe mpana wa kuzuia mvua za masika. Paa likiwa la bati, liinuliwe, na ikiwezekana liwekwe makuti au nyasi juu yake, au banda lijengwe chini ya mwembe.

Wenzetu wa Njombe, Makete, Lushoto au Limuru wana hesabu tofauti. Kwao upande unakopitia upepo wa baridi uzibwe hadi karibu na paa, na uwazi ubaki juu, kwa kuwa hewa chafu yenye joto hupanda. Huko banda la plastiki la tabaka mbili lina nafasi yake, mradi matundu ya juu yasizibwe na mtu anayewahurumia kuku.

Mbao: ipi, na imepakwa nini

Mabanda mengi ya bei nafuu hujengwa kwa mabanzi, yaani vipande vya pembeni vinavyobaki gogo linapopasuliwa, vikiwa bado na magome. Nawaomba sana, kama mna njia nyingine, mabanzi myaache. Kila gome ni pango la utitiri, na banzi lililopinda halikutani na jirani yake bila kuacha upenyo. Ukilazimika kuyatumia, yabandue magome yote na uyapige randa upande wa ndani.

Mbao laini za misindano, ambazo nyingi hapa Tanzania hutoka misitu ya kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi, ni rahisi kufanyia kazi lakini huliwa na mchwa na kuoza upesi zikigusa ardhi. Nguzo za milingoti zina nguvu zaidi, ila nazo hupasuka zikikauka, na mpasuko ni ufa. Kanuni ni moja: mbao yoyote isiguse udongo. Miguu ya banda ikae juu ya zege au mawe, sakafu iinuliwe angalau nusu mita, na kila mguu usimame ndani ya kopo la oili. Kopo hilo huzuia siafu pia. Siafu wakiingia usiku katika banda lililofungwa, kuku hawana pa kukimbilia, na mtu huamka akakuta mifupa.

Kuna jambo la sumu ambalo sitalipita haraka. Watu hupaka mbao oili chafu ya gari ili kuzuia mchwa. Oili hiyo ina mabaki ya metali na ya mafuta yaliyoungua. Kuku hudonoa kila kitu, na kinachoingia mwilini mwake kinaweza kufika kwenye yai analokula mtoto wako. Oili ikae ndani ya kopo chini ya mguu, mahali mdomo wa kuku haufiki, ukutani isipakwe. Vilevile mbao zenye dawa, zile za rangi ya kijani, nyingi zimeingizwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Zinafaa kwa nguzo za nje. Hazifai kwa viota wala kwa fito za kulalia. Na unapochukua maranda kwa seremala kwa ajili ya matandazo, muulize yametoka katika mbao gani. Maranda ya mbao zenye dawa yasiingie bandani, wala vipande vyake visipelekwe jikoni kupikia.

Kwa ukuta wa ndani, chokaa inatosha. Ipakwe nzito, ijazwe katika kila upenyo, na irudiwe kila baada ya usafi mkubwa.

Plastiki: jua, mpasuko na mwisho wake

Plastiki nyingi za mabanda ni poliethilini. Adui wake ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukatakata minyororo ya molekuli zake, rangi ikapauka, uso ukawa na unga, kisha ukapasuka. Ushahidi mnao majumbani: beseni la rangi hafifu likiachwa juani huvunjika mkononi, lakini tenki jeusi la maji hudumu juani miaka mingi. Tofauti yake ni masizi maalumu ya kaboni yanayochanganywa kiwandani, yanayonyonya mionzi kabla haijaharibu plastiki. Basi anayenunua banda au sakafu ya plastiki aulize kama imetengenezwa kuhimili jua, na hata ikiwa imetengenezwa hivyo, aiweke kivulini.

Banda la mbao likivunjika, fundi yeyote wa mtaani atalitengeneza kwa ubao na misumari. La plastiki la kuagiza likipasuka kiungo au bawaba, kipuri chake kiko ng'ambo ya bahari. Panya hutafuna vyote viwili. Moto huunguza vyote viwili, na moshi wa plastiki ni mkali zaidi. Anayelea vifaranga kwa jiko la mkaa asiliweke karibu na ukuta wa mbao wala wa plastiki.

Halafu kuna suala la taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo mwaka 2019, kwa sababu plastiki iliyotupwa haiozi. Mfugaji anayenunua kitu kitakachopasuka baada ya miaka michache anaongeza mzigo huohuo. Lakini nchi zetu zimekwisha kuonyesha njia nyingine. Jijini Nairobi, Lorna Rutto alianzisha kampuni ya EcoPost, inayogeuza taka za plastiki kuwa nguzo za uzio zinazotumika badala ya za miti. Nguzo kama hizo haziliwi na mchwa, hupigwa msumari na kukatwa kwa msumeno. Kwa miguu na fremu ya chini ya banda la kuku, pale ubao unapoanza kuoza, sijui kitu kinachofaa kuliko hicho, na ningependa mafundi wetu wakizoee.

Banda la kuku kumi

Sasa tuyaunganishe. Chukua banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, yaani mita 3 za mraba, kwa kuku kumi wanaotoka mchana.

Fremu iwe ya mbao zilizopigwa randa, zilizounganishwa kwa skrubu ili zifunguke. Kuta za chini ziwe za vipande vichache vipana, maana kila kipande cha ziada huleta maungio mengine. Juu uwekwe wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo. Wavu mwembamba wa kawaida humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii kicheche wala nyoka kuingia. Komeo liwe la chuma, na kwa mjini liwe na kufuli.

Kila kuku ahesabiwe sentimita 20 za kulalia. Kwa kuku kumi hiyo ni mita 2, kwa hiyo fito moja tu inayofuata urefu wa banda inatosha. Hapa nabaki na mbao, kwa kuwa plastiki laini huteleza na miguu ya kuku hujikaza usiku kucha. Fito iwe na upana wa sentimita 4 hadi 5, kingo zimeviringishwa, haina gome wala ufa. Isigongomewe. Ikae juu ya vikalio viwili vilivyo wazi, ili kila juma iinuliwe, ipanguswe na kuanikwa juani. Kwa kuku wazito kama kuchi au Kuroiler iwekwe chini, isizidi nusu mita, wasiumie miguu wakiruka.

Chini ya fito ndipo plastiki ianze kazi. Kuku hutoa sehemu kubwa ya kinyesi akiwa amelala. Weka hapo sakafu ya plastiki yenye matundu, ile inayouzwa na wauza vifaa vya kuku, na chini yake trei au karatasi nene ya plastiki inayovutwa nje. Kinyesi kikiondolewa mara mbili kwa juma, amonia haipati nafasi, na bustani ya mchicha inapata mbolea.

Viota viwe vya plastiki pia. Ndoo ya lita 20 iliyolazwa ubavuni ina nafasi ya kutosha kwa kuku wa kienyeji. Kata mfuniko nusu na uurudishe ili maranda yasimwagike. Ndoo moja kwa kuku wanne au watano, hivyo kwa kumi zinatosha tatu. Kuku wakubwa wapewe beseni pana. Siku ya usafi unatoa ndoo, unamwaga, unasugua kwa sabuni, unaanika.

Katika kuosha, mpangilio una maana yake. Kwanza kwangua kikavu. Pili osha kwa maji na sabuni. Tatu suuza. Nne weka dawa ya kuua vijidudu. Tano kausha kabisa kabla kuku hawajarudi. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi hupotea bure, kwa kuwa uchafu huipunguza nguvu kabla haijagusa kijidudu. Ndoo ya plastiki hukauka mchana uleule. Ubao wakati wa masika unaweza kukaa na maji siku kadhaa, na ndiyo sababu nasema vitu vinavyooshwa mara kwa mara viwe vya plastiki, na vya mbao vipanguliwe, vikwanguliwe na kupakwa chokaa wakati wa kiangazi.

Wapeni pia kuku mahali pa kuogea vumbi: beseni la mchanga mkavu na jivu. Unga wa diatomaiti, unaochimbwa kule Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya, hukwaruza tabaka la nta la mwili wa utitiri mpaka ukakauka. Hufanya kazi ukiwa mkavu tu, na anayeunyunyiza afunike pua na mdomo.

Yaliyo nje ya banda

Banda lolote, la mbao au la plastiki, halizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Anayetumia fedha zote kwenye banda akakosa za chanjo amejenga nyumba ya kuku atakaowazika. Tena, kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kuku uliyemnunua mnadani akae peke yake majuma mawili kabla ya kuingia kwa wenzake, kwa kuwa ndiye anayeleta utitiri na ugonjwa katika banda lililokuwa safi.

Kuhusu gharama, gawanyeni bei ya banda kwa miaka litakayodumu, ongezeni matengenezo ya kila mwaka, kisha ndipo mlinganishe. Na katika hesabu hiyo mtieni mtu anayefagia. Katika nyumba nyingi ni mama, au mtoto kabla ya kwenda shule. Banda ambalo mlango wake ni mdogo, fito zake zimegongomewa na kinyesi chake hakifikiki litamshinda, na wiki ya tatu atakuwa ameacha. Kabla ya kumlipa fundi, mwiteni mtu huyo atazame, ainame, anyooshe mkono, aseme kama atalimudu. Neno lake lizidi la muuzaji na la kwangu.

Ambaye tayari ana banda asilivunje. Aanze na kitambaa cheupe usiku wa leo. Kesho ang'oe fito na kuzifanya ziondoke. Akipata fedha kidogo, abadili viota viwe ndoo. Akipata nyingine, aweke trei chini ya fito. Atakapofikia kubadili kuta, huenda akaona hakuna haja tena.